Saa Nane ya Mzee Zachariah

Mimi, Selpher Ajwang, nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nikigomba. Kwa hiyo mkinisikia nikimsifu mtu, jueni huyo amenishinda kabisa, na Mzee Zachariah Oloo alinishinda.

Alikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda chetu cha uchapaji, kwenye kichochoro cha nyuma ya River Road, kwa miaka thelathini na mmoja. Kiwanda ni cha Gurjit Singh, ambaye hupenda kutania kwamba baba yake alimrithisha mashine mbili za kuchapia na Zachariah mmoja. Kazi ya mzee ilikuwa kusoma kila karatasi kabla haijaenda mashineni: kadi za harusi, vitabu vya nyimbo, kalenda za shule, matangazo ya matanga. Alikaa dirishani, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, kalamu nyekundu mkononi, midomo ikicheza bila sauti. Akiona kosa haguni wala hacheki, anatia alama na kuendelea. Na kila mpangaji herufi aliyepita pale alimfundisha sheria moja tu: fuata nakala. Usiandike unachodhani mteja alitaka. Andika alichoandika, na ukiwa na shaka muulize. Akishakujibu, basi, shaka yako imekwisha.

Ukurasa ukishapita kwa Zachariah, hausomwi tena na mtu mwingine. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea yetu, na hata Gurjit mwenyewe hakuthubutu kuyavunja.

Mwaka wa 2005 macho yake yakaanza kufa. Presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba amebakiza mwaka, pengine na miezi michache ya nyongeza. Wakati huo tulikuwa tumepata kazi ya kamusi ndogo ya Kiswahili ya shule za msingi, ya kutia mfukoni. Mzee akamwendea Gurjit ofisini, mimi mpangaji kurasa nikiwepo.

"Niachie hii," akasema. "Hii ndiyo ya mwisho. Nikiimaliza, niandike jina langu ukurasa wa pili. Halafu macho yaende yakitaka."

Miaka yote ile, vitabu mamia sijui mangapi, jina lake halikuwahi kuchapwa popote. Gurjit aliinama akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. "Utaandikwa, mzee," akasema. "Herufi nene."

Kwenye karatasi mzee hakuweza tena kusoma, lakini kwenye kompyuta herufi zinakuzwa hadi kuwa kubwa kama kidole gumba. Basi tukampelekea kompyuta kuukuu nyumbani kwake Riruta, ikawekwa kwenye meza ya chumba cha mbele, mkewe Mama Peres akaishonea kitambaa cha kuifunika. Mimi naishi Mutuini, Riruta iko njiani. Tukakubaliana kwamba kila Jumamosi nitampelekea sehemu moja ya kamusi kwenye fleshi, aisahihishe, nami niirudishe ofisini Jumatatu. Herufi moja, sehemu moja. Herufi kubwa kama M na K nilizigawa vipande.

Sasa hapa ndipo ujuzi wangu ulipoingia, na laiti ungebaki nje. Ningeweza kunakili faili kwa mkono kama watu wengine. Lakini mimi nilikuwa nimesoma chuoni C, lugha ya kuandikia programu, na nilikuwa nimepata kwenye mtandao maktaba moja ndogo ya C ya kusoma na kuandika faili za zipu, zile zinazofungasha faili nyingi ndani ya moja. Sisi waandishi wa programu tukisema maktaba hatumaanishi nyumba ya vitabu, tunamaanisha amri zilizokwisha kuandikwa na mtu mwingine, wewe unaziita tu. Nilipomweleza mzee alicheka sana.

"Maktaba isiyo na kitabu, zipu isiyo na suruali," akasema. "Nyie vijana mtatumaliza."

Lakini ilikuwa nzuri jamani, siwezi kuisema vibaya hata leo. Amri kumi na mbili tu. Unafungua zipu, unapita faili moja moja, unauliza jina lake, ukubwa wake, saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Unaandika mpya, unafunga. Nikaandika programu yangu juu yake kwa siku mbili. Kamusi nzima ilikaa kwenye zipu moja ofisini. Ya mzee ikifika Jumatatu, programu inalinganisha saa za faili mbili zenye jina moja: iliyo mpya inaingia kwenye zipu, iliyo ya zamani inatupwa. Nilijiona fundi kwelikweli.

Gurjit aliuliza swali moja. "Hiyo ya zamani inaenda wapi?"

"Inatupwa."

"Mimi sipendi kitu ya kutupwa, Selpher. Kabati iko."

"Bosi, hii ni kompyuta, si duka la vyuma kuukuu!"

Akainua mikono akaniachia. Angenipigia kelele siku ile ningemshukuru hadi kaburini.

Wiki ileile, kabla ya Jumamosi ya kwanza, kompyuta ya Riruta ilipoteza saa yake baada ya stima kupotea siku mbili. Ilipowaka iligoma, ikidai iwekewe tarehe na saa. Mzee akanipigia simu. Mimi nilikuwa kaunta, wateja watatu mbele yangu, mmoja akinigombeza kwa sababu ya kadi za ruracio, sherehe ya mahari.

"Tarehe nimeiweka," mzee akasema. "Sasa inataka saa. Niiandikie ngapi?"

Nikatazama ukutani. "Saa nane na robo."

Akarudia kuuliza. "Niandike nane?"

"Andika nane, mzee! Jamani! Kwani kuna saa nane nyingine?"

"Haya," akasema kwa upole. "Nane na robo." Akakata simu.

Kila mtu Nairobi anajua kwamba ukisema saa nane mchana, unaandika mbili. Tunafanya hivyo bila kufikiri. Lakini mzee aliona shaka, akauliza, akajibiwa. Akafuata nakala. Kompyuta yake ikawa nyuma kwa saa sita kamili, na zipu haiulizi wewe uko wapi wala unahesabu vipi. Inachukua saa ya mashine ilivyo.

Basi kila Jumamosi nilifika ofisini, nikafungua sehemu ya wiki, nikanyoosha mistari, nikahifadhi kama saa nne na nusu. Kompyuta ikaandika kumi na nusu. Saa sita na kitu niko Riruta. Mzee anakaa, pua karibu iguse skrini, anapita neno kwa neno huku mimi na Mama Peres tukinywa chai na kusengenya majirani. Mara nyingine nilipitia Kenyatta Market nikawaletea nyama choma, naye hakuigusa hadi amalize. Kufika saa tisa amemaliza, anafuta machozi kwa leso, macho mekundu kama pilipili. Anahifadhi. Kompyuta yake inaandika tisa ya asubuhi, yaani saa tatu.

Jumatatu programu yangu inatazama: ya ofisini imehifadhiwa saa nne na nusu, ya mzee saa tatu. Ya mzee ni ya zamani. Inatupwa. Kwenye skrini naandikiwa kwamba faili zote zimo, hakuna iliyopungua, nami nafunga na kwenda kunywa soda.

Jumamosi ishirini na saba! Mtu anayetumia mabaki ya macho yake, na mimi nayamwaga kila Jumatatu asubuhi.

Kamusi ilichapwa mwezi wa Agosti mwaka uliofuata, mzee haoni tena ila mwanga wa mlango. Jina lake lilikuwa ukurasa wa pili, herufi nene: Msahihishaji, Zachariah Oloo. Nilimpelekea mwenyewe. Mama Peres alimshika kidole akakipitisha juu ya ule mstari, taratibu, mara mbili. Mzee alivaa koti akatoka kwenda kwa jirani na kitabu kwapani.

Kompyuta tukairudisha ofisini. Nikafuta kila kilichokuwemo, mimi mwenyewe kwa mikono yangu, nikampa Kanchan anayeshughulikia oda za wateja.

Wiki tatu baadaye simu zikaanza. Walimu walikuwa wakicheka, wengine wakitukana. Daktari: mtu anayetubu wagonjwa. Hakimu: afisa wa mahakama anayehujumu kesi. Ukurasa kwa ukurasa, makosa yaleyale ya mpangaji herufi aliyeiingiza kamusi kwenye kompyuta, kama vile hakuna mtu aliyesoma. Gurjit aliketi na kitabu mbele yake, kilemba kimelegea kidogo, uso umemshuka.

"Mzee amezeeka," akasema. "Si makosa yake. Mimi nilimpa kwa huruma."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikubali. Nikasema, "Nilijua tu." Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Gurjit akaamuru vitabu virudishwe vyote, akamtuma dereva Riruta kumwambia mzee kwa heshima.

Siku ya pili Kanchan akaniita kwenye meza yake, amekasirika. "Selpher, hii kompyuta ulinipa iko na wazimu. Nafika saa mbili asubuhi, yenyewe naandika mbili usiku. Saa sita naenda kula, yenyewe naandika sita. Nani alifunza yeye kuongea Kiswahili?"

Alidhani nitacheka. Niliisoma ile saa kwenye kona ya skrini, nikatazama ya ukutani, nikakaa chini sakafuni hapohapo na sketi yangu ya kazi.

Jioni ile nilienda Riruta. Mama Peres alinifungulia akiwa amevaa miwani, kamusi mkononi, kidole kimewekwa katikati ya kurasa. Alikuwa akimsomea tangu asubuhi. Walikuwa wamefika N.

Mzee alinitambua kwa mwendo. Hakunipa nafasi.

"Nyathina," akasema, mtoto wangu kwa lugha yetu, "nisamehe. Nimekuharibia kazi. Nimeshamwambia Gurjit aondoe jina langu akichapa tena. Siku zile nilidhani naona. Kumbe sikuwa naona kitu."

"Si wewe, mzee! Ni mimi!" Nikamweleza yote. Simu, saa nane, zipu, ile maktaba, faili mbili zenye jina moja, Jumatatu asubuhi. Nilieleza vibaya kwa sababu nilikuwa nalia, nikarudia tangu mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho, sikio ameligeuzia upande wangu.

"Niliandika saa uliyoniambia," akasema.

"Ndiyo. Na ni mimi niliyekosea."

"Sasa saa ya kompyuta inaingiaje kwenye neno hakimu?"

Nikaeleza tena. Nilisikia mwenyewe jinsi ilivyofanana na hadithi ya kumlaza mtoto.

"Gurjit amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu!" nikapiga kelele, Mama Peres akashtuka. "Ulisahihisha kila neno! Nilikuwa nimekaa hapa! Nilikuona!"

"Uliona nikikodoa," akasema mzee. "Haya. Sikatai. Niletee basi ukurasa mmoja tu niliosahihisha. Peres anisomee, nijue."

Nikahesabu nakala zote kichwani. Za ofisini programu yangu ilizitupa. Za kompyuta yake nilizifuta. Fleshi ilikuwa moja, kila Jumamosi niliandika juu ya sehemu ya wiki iliyopita, na hata ile ya mwisho nilishaifuta nikajaza kadi za harusi.

"Sina, mzee."

"Hata wa Z?"

"Hata wa Z."

Akatikisa kichwa polepole, bila ubaya wowote, akanyoosha mkono hewani hadi akampata mkewe.

"Mpe chai, Peres," akasema. "Ametoka kazini akaja moja kwa moja kunifariji."