Mkate Unataka Bia, Nyumba Haiitaki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Pacha anabisha mlango wa jirani yake mshonaji. Ameshajifunga aproni, na kikapu kitupu kinaning'inia mkononi.

"Umekuja kuwatoa wagonjwa wako wodini?" mshonaji anauliza kutoka ndani.

"Nipe wanne. Leo mpishi anataka mikate minane."

Mshonaji anainama chini ya cherehani, anasogeza gunia la vipande vya vitambaa na kutoa chupa nne za bia. Anazilaza kikapuni, anazifunika kwa kitambaa cha maua, kisha anamsindikiza mwenzake hadi njiani. Aliyekuwa akipita angedhani kikapu kimebeba mtoto mchanga.

Mama Pacha, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, huishi kwa kuoka mkate wa bia. Lakini bia yenyewe hailali nyumbani kwake. Mumewe, mwashi ambaye mtaa mzima humwita Fundi, aliacha pombe karibu mwaka mmoja uliopita, baada ya kulewa kazini, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika mkono. Hajapona sawasawa, si mkono wala kiu.

Jiko la Mama Pacha ni kibanda cha mabati nyuma ya vyumba viwili vya kupanga. Tanuri la matofali alilijenga Fundi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado kwenye plasta. Ukutani yamepangwa makopo ya rangi yaliyojaa udongo, na ndani yake inaota rozimeri, rehani na majani ya vitunguu. Wachumaji ni pacha wenyewe, wasichana wa miaka minne. Mmoja huchuma, mwenzake hukagua kama jani lina konokono, na kazi hiyo hawaifanyi bila ugomvi.

"Huyu ni mkubwa, huyu ni mdogo," mama yao anaeleza. "Wamepishana dakika chache tu, lakini mkubwa anadai heshima kama bibi."

Mkate wenyewe ni rahisi hadi unashangaza. Unga wa ngano, chumvi, sukari kidogo, majani yaliyokatwakatwa, na bekingi pauda ya kuonjesha tu, kwa sababu ikizidi huacha uchungu ulimini. Kazi ya kuunyanyua mkate Mama Pacha anaiachia bia. Anafungua chupa, anamimina papo hapo povu likiwa bado linachemka, anakoroga kwa mwiko mara chache, anamimina kwenye kopo lililopakwa siagi na kulisukuma tanurini.

"Haukandwi, haungoji," anasema. "Ukiukoroga sana unakasirika, unakuwa mgumu. Ukiuchelewesha, povu linakufa."

Aliufundishwa na mpishi wa nyumba ya wageni iliyo karibu, enzi akiosha vyombo pale. Jiko la nyumba hiyo lilipopunguzwa wafanyakazi na tanuri, yeye alipoteza kazi, na mpishi akabaki na wageni waliozoea mkate bila kuwa na mahali pa kuuoka. Wakaelewana. Tangu Fundi aanguke, mkate huo ndio unaolipa kodi yote na sehemu kubwa ya chakula.

Miezi mitatu iliyopita, mkate ulikataa.

Ulitoka tanurini mfupi, mzito, na rangi ya mgonjwa. Mpishi aliubonyeza kwa kidole, kidole hakikuzama.

"Mama Pacha, mumeo anafyatua matofali, na wewe umeanza kuyaoka?" alimtania. Lakini hakuununua.

Mama Pacha hakuwa na shaka nani wa kulaumiwa. Alibeba chupa tupu hadi dukani kwa muuzaji wa bia, mzee wanayemwita Hamna kwa kuwa kila ukimpa noti anajibu chenji hamna. Duka lilikuwa limejaa watu.

"Mzee wangu, umeniuzia bia mbovu! Haina povu, imeoza!"

"Bia yangu? Mama, hapa bia haipati nafasi ya kuoza. Watu wenyewe si unawaona?"

Watu wakacheka. Mama Pacha akapandwa na hasira, akampa chupa anuse. Hamna akanusa. Akainamisha chupa, akadondoshea tone kiganjani, akalilamba. Kisha akamtazama mteja wake kwa macho mengine kabisa.

"Binti yangu," akasema polepole, "hii ina chai."

"Chai?"

"Chai ya rangi. Bia kidogo, chai nyingi. Nani amekaa na hizi chupa?"

Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Mama Pacha anasema alitamani hata wale waliocheka mwanzo wacheke tena, kuliko kimya kile.

"Asubuhi ile kizibo kilikuwa kimetoka kirahisi," anakumbuka. "Nikamshukuru Mungu, maana vidole vilikuwa vinauma. Nilishukuru! Kumbe nilikuwa nashukuru msiba wangu."

Nyumbani alimkuta Fundi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani.

"Baba Pacha, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona ukaweka chai?"

"Sikutaka upungukiwe kipimo." Fundi akatazama mikono yake. "Nilidhani mkate hautajua."

Hakumpigia kelele. Alikaa chini, mgongo ukiegemea tanuri ambalo lilikuwa bado na joto, na wote wawili wakalia bila kushikana. Siku iliyofuata chupa zikahamia chini ya cherehani ya jirani.

Lakini harufu haihamishiki. Mkate unapoiva, vyumba vyote viwili hujaa harufu ya bia na rozimeri, hadi kwenye mito ya watoto. Fundi huondoka, hutembea ili asiisikie. Na mtaani, anayetembea bila pa kwenda hapiti mbali na baa. Mara mbili majirani wamemrudisha wamemshika kwapani.

"Mara ya pili pacha walikuwa mlangoni," anasema Mama Pacha, akifuta meza ambayo tayari ni safi. "Yule mdogo akaniuliza, 'Mama, baba amelala akiwa amesimama?'"

Amejaribu kuutoroka mkate wa bia. Alioka kwa soda, ukatoka mtamu kupita kiasi. Alioka kwa maziwa mgando, ukaumuka upande mmoja na kupasuka. Mpishi aliuonja ule wa maziwa kwa adabu.

"Sio mbaya, dada yangu," alimwambia. "Lakini wageni wangu wanaagiza mkate wa bia. Nikiwapelekea huu watasema nimewaletea chakula cha mtoto."

Hapo ndipo alipokwama. Akiacha kuoka, watoto watalala njaa. Akiendelea, anamsukuma baba yao kwa mkono uleule unaowalisha. Usiku huwa anawaza nani wa kumwokoa kwanza, na hakuna jibu ambalo halimchomi.

Asubuhi ya leo jibu limetoka kwa Fundi. Mikate minane iko tanurini, harufu imeanza kupanda, naye hajaondoka kutembea. Amepiga magoti mbele ya tanuri na sinia la udongo mbichi, anaziba ufa uliokuwa ukivujisha moto. Pembeni yake kuna begi.

"Ukikauka usiumwagie maji," anamwambia mkewe bila kugeuka. "Ukipasuka tena, mwite yule kijana wangu wa ujenzi. Usikubali akuwekee saruji, saruji haipendi moto."

"Nimesikia."

"Dada amesema kwake hakuna hata harufu ya pombe. Ana kazi ya kujenga banda la kuku."

"Wifi ni mtu mzuri."

"Ni mkali."

"Ndiyo maana nasema ni mzuri."

Fundi anacheka kidogo, kisha kicheko kinamfia usoni. Pacha wanakuja mbio na majani mkononi.

"Baba, unaenda wapi?"

"Kwa shangazi yenu."

"Utatuletea nini?"

Fundi anamtazama mkewe, lakini mkewe amegeukia tanuri.

"Kuku," anasema hatimaye.

"Kila mtu wake!" anadai yule mkubwa. "Mimi na huyu tusichangie."

"Kila mtu wake."

Anawabusu kichwani, mmoja baada ya mwingine, akianza na mdogo, na mkubwa ananung'unika. Anasimama mbele ya mkewe. Mikono yake ina udongo, kwa hiyo hamshiki.

"Mke wangu, usiache mkate. Huu ndio unaowalisha. Anayepaswa kuondoka ni mimi."

"Ningekuwa na njia nyingine, Baba Pacha..."

"Najua. Ungekuwa nayo ningekuwa nimeshaiona, nimekaa hapa mwaka mzima nikiitafuta."

Anabeba begi kwa mkono mzima na kutoka. Hajafika kona, mikate imeiva. Mama Pacha hana budi kuitoa. Mkate haumsubiri mtu kulia. Imetoka yote mirefu, imepasuka juu vizuri, siagi inachuruzika kwenye nyufa. Mpishi anapokuja anaigonga chini, anasikiliza, anatabasamu.

"Leo umejua kuoka, dada yangu."

"Ahsante, kaka."

Anasubiri mpishi aondoke ndipo aketi kwenye ile ndoo. Mwandishi wa habari hii anamuuliza kama Fundi atarudi.

"Mwenye nyumba akiniuliza, nitamwambia amepata kazi. Watoto wakiniuliza, nitasema bado anachagua kuku." Anakwangua unga uliogandia kwenye kucha. "Wewe ukiniuliza, sijui. Wifi amenieleza kweli: wengine hurudi wazima, wengine hawarudi. Na nikimrudisha kwenye harufu hii, nimemrudisha wapi?"

Anachotaka ni mkate mwingine, ambao mpishi ataununua na mumewe ataweza kulala karibu nao. Jumamosi atajaribu tena ule wa maziwa mgando, mmoja tu, kwa sababu unga ni ghali. Safari hii ataongeza rozimeri na kupunguza moto. Ukiumuka, atampelekea Fundi kwa basi. Usipoumuka, wataula pacha. Wao, anasema, bado hawajaanza kuchagua.