Siku Niliyotafsiri Kijerumani Nisichokijua

Nichekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka Jumapili ile hapa Likasi natamani kuingia chini ya kitanda nikae humo. Yote yalianza na "ndiyo" moja ndogo. Papa Kalenga, baba wa mchumba wangu Solange, muuza vipuri na mzee wa kanisa, aliniuliza kama kweli nimesoma, nami kwa kiherehere changu nikamwambia hata Kijerumani nakijua (hata neno moja sikulijua).

Basi Papa akapata filamu ya Kijerumani, kichekesho cha zamani kisicho na rangi, mchezo wa jukwaani uliowekwa mbele ya kamera wakati sinema zilipoanza tu kusema, akaipenda akidhani haina machafu, akaita kikundi chote cha maombi sebuleni kwake, akanisimamisha kando ya televisheni.

"Beau-fils, utuelezee," akasema, akiniita mkwe kabla sijaoa.

Sasa ile nayo ni filamu? Kochi moja, milango miwili, kabati, watu watatu wanabwabwaja bila kupumua, hakuna hata anayetoka kununua mkate. Ingekuwa vita ningejua la kusema. Nikatunga. Yule mnene nikamfanya mchungaji, msichana nikamfanya binti yake, na yule mwembamba kijana mwenye adabu aliyekuja kuposa. Mwembamba alipojifungia kabatini nikasema ameenda kuomba faraghani, akina mama wakaitika amina (wapumbavu, na mimi mpumbavu wao mkuu), Papa akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikanogewa, nikamtia mchungaji mdomoni mahubiri marefu juu ya usafi wa ndoa.

Hapo hapo mchungaji wangu akamkumbatia binti yake, akambusu mdomoni, busu refu lisilo na haraka.

"Njo coutume yao," nikasema, eti kwa Wajerumani hiyo ni desturi.

Mnene akatoka. Kijana wangu mwenye adabu akachomoka kabatini, naye akambusu msichana. Solange akafunika uso kwa kitenge, na Papa akazima televisheni.

"Ile mwembamba," akaniuliza taratibu, "anafanya nini mu nyumba ya watu?"

"Papa, sijue." Ndilo neno la kwanza la kweli nililosema siku ile.

"Na weye, unafanya nini mu nyumba yangu?"

Nikavaa viatu mlangoni, watu wote wakinitazama. Solange ameolewa Kambove na dereva asiyejifanya kujua chochote, na inaniuma mpaka leo. Siku hizi mtu akiniuliza hata njia ya sokoni, namwambia sijui, aulize mwingine.