Mimi na Popo Katika Wavu Mmoja

Wanaosifu wanyama wa visiwa vyetu ni watu ambao hawajawahi kupita chini ya mshelisheli wakiwa na kanzu nyeupe. Wanakuja na darubini, wanawatazama popo, wanasema ni maajabu ya Mungu, kisha wanapanda ndege. Sisi tunabaki na kanzu.

Popo wa kwetu hangoji giza. Alasiri, jua bado kali, utawaona wanashuka kutoka mlimani, mbawa zao pana kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Tunda halimezi. Hulitafuna, hufyonza maji yake, halafu makapi huyatema, na hutema bila kutazama chini. Miaka kumi na miwili niliishi Moroni katika nyumba yenye mshelisheli mmoja mkubwa uani, na njia ya kutoka chumbani kwenda msikitini ilipita chini ya mti huo. Imamu alinizoea. Ijumaa moja aliniuliza mbele ya watu, "Bwana, leo umevaa kanzu ya maua?"

Kama si popo, ni kunguru. Kunguru wa Moroni ana kifua cheupe kama karani aliyevaa shati jipya, na ni mwizi wa sabuni. Mke wangu akiinama kusuuza, akiinuka sabuni iko juu ya paa. Alimgombeza kama anavyogombeza mtu: "Wewe! Huna mama? Rudisha!" Kunguru aligeuza kichwa akamsikiliza vizuri, kisha akaendelea kudonoa.

Nyumba ile haikuwa yangu. Kwa Wangazija nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na sanduku lake, na akitoka hutoka nalo. Mimi ni mtu wa Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzwani, na kwetu pia mambo ni hayo hayo, kwa hiyo sikuona vibaya. Nilikuwa karani wa ofisi, nimesoma sekondari Unguja, na nilikuwa na mke niliyempenda. Sikutaka kitu kingine zaidi ya kuzeekea katika ua ule, pamoja na popo wake.

Mwenye amri ndani ya nyumba, baada ya mke wangu, hakuwa mimi. Alikuwa kaka yake mkubwa. Alikuwa mwalimu wa Kurani, akiishi kwa mkewe mtaa wa pili, lakini kila alasiri baada ya kuwaachia wanafunzi wake alikuja kwa dada yake kusimamia mshelisheli. Mimi na yeye tulipigana vita na popo kwa miaka hiyo yote. Tulipiga mabati. Tulifukiza makumbi ya nazi mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Tulitundika shati langu la zamani na kofia yake kwenye tawi ili lionekane kama mtu, na kesho yake tukakuta popo amelala ndani ya mkono wa shati.

"Shemeji," akaniambia, "hata popo anajua kwamba wewe humtishi mtu."

Nilimpenda kwa maneno kama hayo. Nilimpenda pia kwa uongo wake. Hakuwa akiapa, maana alikuwa mtu wa dini, lakini mama wa jirani akija kuomba shelisheli moja la kupika na nazi, alimwambia kwa huzuni kubwa, "Popo hawakutubakishia hata kokwa, mama," na huku kanzu yake imevimba upande mmoja kama mwanamke mwenye mimba changa. Yule mama aliondoka akiwalaani popo, na mimi nilikuwa nimegeukia ukutani kwa kicheko.

Kisha Nzwani ikajitangaza kuwa imejitenga. Serikali ikapeleka wanajeshi, wanajeshi wakashindwa, na katika mitaa ya Moroni kulikuwa na nyumba ambazo vijana wao walivuka bahari na sare za jeshi wakarudi wamefunikwa. Nilikwenda kwenye matanga mawili. Nilikaa na watu, nikasoma nao, wakanipa kahawa. Hakuna aliyenitazama vibaya.

Aliyeharibu ni mimi. Hilo nalisema wazi kwa sababu nimekuwa na muda mwingi wa kutafuta mtu mwingine wa kumlaumu, na kwa sehemu hii sikumpata.

Kwetu wanaume hukaa bangwe, yaani uwanja wa mji, baada ya sala ya alasiri. Pale huchezwa bao na dhumna, na pale mtu hupimwa kwa ulimi wake. Siku moja mzee mmoja akanichokoza: "Eti nyinyi Wanzwani mnataka kurudi kwa Mfaransa? Aibu hamna?"

Ningenyamaza. Ningesema Mungu atuongoze. Lakini watu walikuwa wananitazama, wakisubiri, na mimi nikasema, "Mfaransa ana ubaya wake, mzee, lakini angalau alikuwa anafagia ofisi. Tangu mmekaa nyinyi, hata panya wameomba uhamisho."

Bangwe zima likacheka. Shemeji alicheka kuliko wote, akanipiga bega. Lakini alikuwepo pale baba wa mmoja wa wale waliorudi wamefunikwa. Hakucheka. Alikusanya kete zake, akaacha mchezo, akaondoka. Niliona, na bado nikaendelea kufurahia mzaha wangu mpaka magharibi.

Maneno yale yalitembea. Baada ya viongozi kukutana ng'ambo na kurudi bila kuelewana, vijana wa Moroni walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta Wanzwani na kuwapeleka bandarini. Nilisikia habari hizo na sikuogopa. Nilijiambia: mimi niko ndani ya nyumba ya mwanamke wa Kingazija, na shemeji yangu amewafundisha nusu ya vijana hao alifu na be. Nani atanigusa?

Asubuhi walipokuja nilikuwa juu ya mti. Shemeji alikuwa amepata wavu mkuukuu kutoka kwa wavuvi wa pwani, na tuliamua kuufunika mshelisheli kama kichwa cha bibi harusi. Yeye goti lilimuuma, kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda. Yeye alibaki chini akitoa amri: kushoto, kulia, vuta, legeza. Nilipofika tawi la juu mguu ukaingia kwenye tundu la wavu. Nilipojaribu kuutoa, mkono nao ukaingia. Nikageuza shingo, na nikakuta si mimi peke yangu niliyenaswa. Popo mmoja mkubwa, ambaye nadhani alikuwa amelala pale, alikuwa ameviringika ndani ya wavu kiasi cha shibiri moja kutoka puani kwangu. Uso wake ulikuwa kama wa mbwa mdogo aliyesumbuliwa usingizini. Alinitazama. Nilimtazama. Alinuka, lakini sina shaka na yeye aliona hivyo hivyo kuhusu mimi.

"Shemeji," nilianza kuita, "nimekwama, na hapa kuna..."

Nikasikia mlango wa ua unagongwa. Nikanyamaza. Kupitia majani niliona vijana sita au saba wanaingia. Hawakuwa na hasira; walivua viatu mlangoni, wakamsalimu shemeji kwa kumbusu mkono.

"Fundi," mmoja alisema, maana ndivyo tunavyowaita walimu wa dini, "tusamehe kwa usumbufu. Hapa kwako kuna Mnzwani?"

Majani ya mshelisheli ni mapana. Kutoka chini hungeniona. Mke wangu alikuwa mlangoni pa jiko, ameshika mfuniko wa sufuria. Wote wawili walijua niko wapi. Ilitosha shemeji aseme hapana, kwa sauti ile ile ya huzuni aliyomwambia mama wa jirani. Na kwa mke wangu ilitosha zaidi: aseme tu, "Nyumba hii ni yangu." Mwanamke wa Ngazija akisema hivyo ndani ya nyumba yake, hata kaka yake hana jibu, sembuse vijana.

Popo hakutoa sauti. Nasema kwa haki yake: aliumia kama nilivyoumia, na hakutoa sauti.

"Yuko," alisema shemeji. "Yuko juu ya mti."

Nilimtazama mke wangu. Alitazama mfuniko.

Vijana walilazimika kupanda wenyewe kuukata wavu. Kuona nilivyofungwa walianza kucheka, na yule mwenye kisu alicheka mpaka akashindwa kukata. "Baba, umevuliwa kama jodari!" Alipokata upande wangu, upande wa popo nao ukafunguka. Akaruka, akapita juu ya vichwa vyao kwa mbawa zake zile, wakainama wote, na akashika njia ya mlimani. Yeye hakuulizwa ni wa kisiwa gani.

Nilipofika chini nilimuuliza shemeji neno moja: "Kwa nini?"

"Ni wanafunzi wangu," alijibu. "Sikuweza kuwadanganya."

Mtu ambaye alidanganya kwa ajili ya shelisheli! Nilichukua sanduku langu. Mke wangu alinifuata hadi barazani na akaniwekea mkate ndani ya mfuko wa koti, na mimi sikumuaga. Saa sita mchana nilikuwa bandarini, na kesho yake nilikuwa Mutsamudu.

Nilidhani narudi kwetu. Lakini kwetu ni wapi kwa mwanamume wa visiwani? Nyumba niliyoikuta ni ya dada yangu. Alinipa chumba cha juu, kilichoelekea mabonde ya nyuma ya mji, akaniombea dua, na kufika wiki ya pili mumewe akaanza kuniuliza kama nimesikia kuna kazi. Wapakuzi wa bandarini walinipa jina: Mngazija. Nikipita walisema, "Mngazija huyo, mchungeni asije akapeleka habari Moroni." Nilikuwa nimefukuzwa kule kwa kuwa Mnzwani.

Na chumbani nilikuwa na komba. Komba wetu wa Nzwani ana mkia mrefu na macho ya mtu anayekudai maelezo. Kila asubuhi aliingia dirishani, akachagua ndizi iliyoiva kuliko zote, akakaa kwenye kizingiti akaimenya taratibu huku akinitazama. Nilimtupia kiatu. Alikidaka, akakinusa, akakiachia bondeni. Nilikwenda kukitafuta dakika arubaini katikati ya migomba, na watoto wa mtaa wakanisindikiza kwa nyimbo.

"Dada," nikalalamika, "huyu mnyama hana adabu."

"Mpishe tu," alisema dada yangu akichambua mchele. "Yeye ni mwenyeji."

Alitania, najua. Lakini nilikaa siku nzima bila kula.

Katika hali hiyo barua ya mke wangu ilinikuta. Meli zilikuwa zimesimama, na aliyeileta ni mama mmoja mfanyabiashara aliyejua njia za kuzunguka. Iliandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Alisema: "Nilinyamaza kwa sababu nakujua. Ningesema neno moja, wewe juu ya mti ungesema kumi, na yule kijana aliyeshika kisu ni ndugu wa marehemu yule ambaye baba yake ulimtonesha bangweni. Kaka yangu nimemkataza kuingia kwangu mpaka akuombe radhi. Mji umetulia. Njoo."

Leo naisoma na naamini kila herufi. Siku ile sikuamini hata moja. Niliona mkono wa shemeji nyuma ya kila mstari. Nilijiambia wananivuta nirudi ili wanifukuze mara ya pili. Komba alikuwa dirishani anamenya, na nilimwona kama na yeye ananicheka. Nikachukua karatasi, nikamwandikia talaka. Si moja. Tatu, kwa mkupuo. Nikampa yule mama mfanyabiashara kabla hajamaliza kunywa chai yake.

Aliporudi baada ya wiki nyingi nilimvizia sokoni. Nilitaka kusikia kwamba watu wa nyumba ile wamelia, hasa shemeji.

"Mkeo aliisoma kasimama," aliniambia. "Akaikunja. Kisha akaniuliza kama huku unakula vizuri."

"Halafu?"

"Halafu nini, baba? Nilimwambia umekonda."

Alasiri hiyo hiyo nilikwenda kwa fundi mmoja mzee wa Mutsamudu, anayeheshimiwa kwa mambo ya ndoa. Nilimkuta anamfukuza paka kutoka kwenye mkeka wake. Nikamweleza yote, tangu wavu hadi barua, nikiwa na tamaa kwamba kwenye vitabu vyake vikubwa kuna mlango mdogo wa kutokea. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Uliandika ngapi?"

"Tatu, fundi."

"Ulikuwa na akili zako?"

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira juu ya nani?"

"Juu ya kaka yake. Hata sasa ninayo."

"Na talaka umempa nani?"

Vitabu vyake hakuvigusa. Alisogeza mkeka ili nipate pa kukaa, na akamwita mtu wa ndani alete kahawa.