Mwezi Uliokatwa kwa Mkasi

Nilikuwa kijana wa kujisikia, sikatai. Mwaka wa pili wa uhuru nilikuwa karani katika biro ya reli hapa Kalemie, wakati mji bado ukiitwa Albertville, na mkubwa wangu Mbelgiji alipofunga masanduku kurudi kwao aliniachia kamera yake. Kisanduku cheusi tu, mkanda umekatika, lakini nilivyoivaa shingoni ungesema nimepewa cheo. Nilikula bukari, ugali wetu, nayo kifuani. Nilikwenda nayo misa, mpaka padri akaniambia niiweke chini ya benchi.

Foto za watu zilikuwa nyingi mjini. Mimi nilitaka mwezi. Mpiga foto wa karibu na soko alikuwa amecheka mbele za watu akasema kwa kisanduku kile sitaupata hata nikiulilia, na kwamba nikiupata ataitundika foto yangu dirishani kwake. Basi, nikawa silali.

Sasa nyumbani kwetu mwezi mpevu haukuwa na rafiki. Papa yangu alikuwa mvuvi wa ndagala, na ndagala huvuliwa gizani: unawasha karabai juu ya mtumbwi, samaki wanafuata mwanga, unawachota. Mwezi ukijaa ziwa lote linang'aa, karabai inakosa kazi, ndagala wanatawanyika. Siku hizo wavuvi hubaki nyumbani wakishona nyavu na kununa. Papa aliutazama ukichomoza upande wa Kigoma, akausonya.

"Huyo njo unataka kumupiga foto? Mwizi wa chakula chako?"

Mama naye alikuwa na shida yake, na ile ndiyo iliyokuwa shida ya kweli. Nkambo, yaani mama yake mzazi, aliishi Pepa, kule juu kwenye ng'ombe, na macho yake yalikuwa yanazimika. Alikuwa ametuma neno kwa dereva wa lori: kabla giza halijamfunika, anataka kuuona uso wa mume wa binti yake. Miaka ishirini na mbili hajauona. Msishangae. Kwetu mukwe na mama mukwe hawatazamani. Nkambo alipokuja kututembelea, chakula chake kilipelekwa na sisi watoto, na Papa akisikia tu kikohozi chake anakimbilia ziwani. Si chuki, ni heshima, na kadiri unavyokimbia mbali ndivyo unavyosifiwa.

Mama aliwaza kwamba foto si uso wenyewe. Nkambo angeweza kuishika na kuitazama asivunje kitu. Lakini Papa wapi!

"Aka! Mama mukwe aniangalie, na mimi nimemukodolea macho vile? Sura yangu nitaificha wapi?"

Mama alibembeleza. Akanuna. Siku mbili akapika bila chumvi. Papa akala bila chumvi, akashukuru, akaenda kulala.

Mimi nilikuwa nimemaliza filimu nzima kwa mwezi. Mpiga foto aliisafisha, akanirudishia karatasi nyeusi kumi na mbili, kila moja na kidoa katikati. "Umepiga punje ya mchele," akasema. Kisha akanihurumia, akanifundisha. Weka kamera juu ya kitu kisichotikisika, vuta kile kijichuma cha pembeni, uache jicho lake wazi nusu saa, na wewe ondoka, usipumulie karibu. Kinachotulia kitajichora. Kinachotembea kitapotea.

Maneno hayo niliyarudia nyumbani asubuhi, mchana na jioni, kana kwamba nimeyatunga mimi. "Kinachotulia kitajichora, Mama!" Mama alikuwa akichambua ndagala, anaitika tu eeh, eeh. Na mimi mjinga nikadhani hasikilizi.

Filimu zilikuwa zimeadimika mjini. Ile ya mwisho niliyoipata niliimaliza Jumapili moja bandarini pamoja na wenzangu wa biro, tukipigana foto tumepanda juu ya mabehewa, tumevaa miwani ya kuazimana. Ikabaki foto moja. Mama alijua, maana mdomo wangu haukuwa na kifuniko.

"Hiyo moja njo ya Papa yako," akasema.

"Papa hataki, Mama. Nimufunge kamba?"

Akaendelea kuchambua.

Mwezi ulipojaa tena, nilishuka pwani jioni na sanduku la bia tupu, nikaliweka mchangani, nikaiweka kamera juu yake, nikailengesha ziwani. Mbele kulikuwa na mtumbwi wa Papa umepinduliwa, nikauacha upendezeshe foto. Mwezi ukachomoza mwekundu, mkubwa, nikavuta kijichuma. Mara Mama huyo anakuja.

"Njoo ule, mutoto. Bukari inapoa."

"Na watoto wa jirani wakiigusa?"

"Nimemutuma Papa yako ailinde. Anakuja na karabai yake, anataka kuijaribu."

Nilikwenda. Njaa haina akili. Nilikula taratibu, na Mama akaniongeza mara mbili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Niliporudi nilimkuta Papa ameketi mchangani, mgongo umeegemea mtumbwi, karabai pembeni imeshaishiwa upepo na mwanga wake umefifia. Anakoroma. Muntu aliyezoea kukesha ziwani, ukimpa usiku wa kukaa bure ataufanyia nini kingine? Nikafunga jicho la kamera, nikamwamsha, akasema hakulala.

Mpiga foto aliponipa ile karatasi, wallahi hasira zilinipanda mpaka masikioni. Mwezi ulikuwa umepanda wakati jicho liko wazi, ukachora mstari mweupe uliosimama, kama ndagala aliyesimama kwa mkia. Na pale chini, mbele ya mtumbwi wangu wa mapambo, nani? Papa! Kila mkunjo wa uso, mikono juu ya magoti, hata kiraka cha shati. Alikuwa ametulia kuliko mtumbwi.

"Mwezi umekushinda," akasema mpiga foto, "lakini huyu muzee umemupata sawasawa."

Nikafika nyumbani nikaitupa mezani. "Tazama! Papa ameniharibia!" Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akaichukua, akaketi chini palepale mlangoni. Machozi yalimtoka, hata hakuyapangusa. Ndipo nikakumbuka bukari ya kuongezwa mara mbili, na karabai, na zile eeh, eeh. Niliona aibu, jamani. Mwezi wote ule nilikuwa nalilia kitu kinachopita juu ya kila paa.

Akainuka, akachukua mkasi wake wa kushonea, akaukata mwezi wangu, kwacha! Akanipa kipande changu. Kile cha Papa akakifunga ndani ya kitabu chake cha sala, na kesho yake akapanda lori la Pepa. Papa aliambiwa tu kwamba Mama anakwenda kumwona mama yake mgonjwa, na huo haukuwa uongo. Nami, kwa mara ya kwanza maishani, nilifunga mdomo.

Mama alirudi baada ya wiki mbili. Papa alikuwa uani anashona wavu. Hakuzunguka, akamweleza yote, foto, karabai, nusu saa. Papa akaacha sindano.

"Umenivua nguo mbele ya mama mukwe."

"Subiri," Mama akasema. "Aliipeleka dirishani, akaisogeza karibu na pua. Jicho moja njo bado linaona. Akakaa nayo asubuhi nzima. Kisha akaniita, akaniambia: 'Binti yangu, uliolewa na muntu. Hata kwenye foto amenifumbia macho.'"

Papa akainua uso. Wavu ulikuwa umemporomoka miguuni.

"Asubuhi nzima?" akauliza.

"Nzima."

Akajifunika uso kwa mikono yake miwili, kana kwamba Nkambo amesimama pale mlangoni, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.