Damu yangu "imezoea" malaria, mpaka nikapata mimba ya kwanza

Wakuu, hamjambo humu ndani. Haya yamenikuta mwenyewe, na chumvi sitatia.

Mimi mzaliwa wa Sabaki, huku pwani, nimeolewa Muyeye na mtu wa bara. Mume wangu akiumwa na mbu wawili tu, huyo kitandani anatetemeka. Mimi tangu nipate akili sikumbuki malaria kunilaza. Neti yake nilikuwa naicheka. Kwetu tunasema damu imezoea.

Basi nikashika mimba.

Nikawa nachoka ovyo, nikifagia uwanja natafuta pa kukaa. Homa hakuna. Mama akasema ni mimba tu. Mume akakataa, akanipeleka kliniki.

Kupimwa: malaria, na damu imepungua vibaya. Nilibisha wakuu, nikamwambia nesi kipimo chao kibovu.

Akanieleza taratibu. Kimelea cha malaria hakina sura moja. Mbu akikiingiza hukimbilia ini, na huko askari wa mwili huua seli nzima iliyovamiwa. Kikiponyoka huingia seli nyekundu za damu. Hapo kinga nyingine hukinasa, na bandama huzichuja seli zilizoharibika. Aliyekulia Sabaki askari wake wanazijua sura nyingi, ndiyo maana haugui sana.

"Lakini kuna kinachojificha kwenye kondo la nyuma," akasema. "Kimevaa koti askari wako hawajaliona. Wangeliona wapi, na hujawahi kuwa na kondo?"

Niliogopa kweli, maana mwanangu alikuwa anakula kupitia kondo hilo hilo.

Dawa nilimeza zote, na neti nikaingia bila kusukumwa. Mtoto akazaliwa mdogo, ila mzima, na sauti anayo. Nesi asema mimba ijayo askari watalijua koti kiasi, lakini dawa za kinga ni lazima.

Sasa sikilizeni. Mama alipokuja kunitunza uzazi nikamsimulia. Akaniambia nirudie.

Mimba yake ya kwanza iliharibika, bila homa. Watu wakamwambia wifi yake amemroga. Hawakusalimiana tena, na mimi nimekua sijakanyaga kwa shangazi yangu. Siwezi kuapa ilikuwa malaria, hakupimwa. Ila uchawi nao nani aliupima?

"Kwa hivyo hakuniroga," akasema. Akalia sana.

Jumapili akajifunga leso, akabeba kuku, akaenda kuomba radhi. Shangazi alimpokea, akampa kiti, akamuuliza, "Na wale wote walionisema, nani atawaambia?"

Basi nawaambia mimi.

Mimba ya kwanza, dada, nenda kliniki mapema hata kama umezaliwa katikati ya mbu. Na kabla hujamtaja mtu mchawi, pima damu.

Anayebisha aje, nipo. Na kama kwenu kuna shangazi wa namna hii, tuelezeni.