Mashine Iliyoniuliza Kama Nina Furaha

Siku gari letu la mazoezi lilipoingia ndani ya duka la magodoro, simu yangu iliita.

Nikapokea. Sijui kwa nini nilipokea. Mwanafunzi wangu alikuwa bado ameng'ang'ania usukani, injini inaunguruma, na godoro la watu wawili limejilaza juu ya kioo cha mbele kama limefika kwao.

Sauti ikauliza, "Furaha yako sasa hivi ni ngapi, kati ya moja na kumi?"

Nikajibu, "Tisa."

Na sikuwa nadanganya.

Ngoja nianze mwanzo, maana hapa mtaniona nimerukwa na akili.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nyumbani naitwa Mama Pacha, kazini naitwa Mwalimu, na barabarani naitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kazi yenyewe ni kukaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki yako ya akiba, pembeni yako yuko mtu mzima na heshima zake ambaye akiona baiskeli anafumba macho.

Nilijihesabu mtu wa nuksi. Mwanafunzi akigonga mti, ni wangu. Akipotea njia ya kurudi ofisini, ni wangu. Wenzangu walipewa vijana waliokwisha kujifunza kwa wizi kwenye magari ya wajomba zao.

Mimi nikapewa Mkunga.

Alikuwa mkunga kweli, mstaafu wa wodi ya wazazi. Nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, kwa hiyo askari wa barabarani wakimwona walikuwa wanampigia saluti badala ya kumsimamisha.

Tatizo lake moja. Alilisemesha gari kama mama aliye kwenye uchungu.

Likigoma kuwaka: "Haya mama, sukuma. Sukuma, nakiona kichwa."

Likiruka kwa ghafla: "Usisukume sasa. Pumua. Nani kakwambia usukume?"

Mtihani wa leseni alishaufeli mpaka mtahini, akimwona tu getini, anakumbuka ana likizo yake hajaichukua.

Basi bwana, katikati ya hayo, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akanitafutia kazi. Kazi safi. Mapokezi kwenye kampuni ya bima, kiti kinazunguka, kiyoyozi, hakuna kelele. Naanza mwisho wa mwezi.

Ukoo mzima ukanipongeza. Mama mkwe aliwatangazia majirani hata kabla sijajibu.

Na mimi nikafurahi. Au nilisema nimefurahi. Kipindi kile niliona ni kitu kilekile.

Wiki hiyohiyo akaja kwenye shule yetu ya udereva dada mmoja, mtafiti wa saikolojia kutoka chuo kikuu. Alikuwa anachunguza furaha na bahati katika maisha ya kila siku, na alitaka watu wa kawaida wenye kazi za kawaida. Meneja alininyooshea kidole kabla dada wa watu hajamaliza sentensi.

"Utapigiwa simu mchana, siku za zamu yako, saa yoyote, kwa mwezi mmoja," akanieleza. "Maswali ni matatu tu. Unafanya nini, una furaha kiasi gani, na umepata bahati gani tangu simu iliyopita."

"Kwa nini msinipigie jioni, nikiwa nimetulia?"

"Jioni watu wanajibu wanachotaka kuamini," akasema. "Sisi tunataka tukukute katikati ya jambo."

Simu ya kwanza ikaja. Sauti ya kike, bapa, haipandi haishuki, kama ile ya kwenye lifti inayokutajia ghorofa.

Nikasema moyoni, ah, kumbe ni mashine.

Na mtu akishajua anaongea na mashine, aibu yote anaivua anaitundika msumarini.

"Unafanya nini sasa hivi?"

"Namfundisha mtu kurudi nyuma. Anakwenda mbele."

"Furaha yako ni ngapi?"

"Nne."

"Umepata bahati gani tangu tulipozungumza?"

"Bahati gani, dada yangu? Kwenye gari hili?"

"Asante. Kwaheri."

Swali la bahati likaanza kunikera. Kila nikijibu "hakuna" najiona kama mtoto aliyekuja shule bila kufanya kazi ya nyumbani. Basi nikaanza kuitafuta, ili tu nipate la kujibu.

Taa ilikuwa kijani tulipofika. Mvua imetukuta ndani ya gari. Mwanafunzi amepanda ukingo wa barabara lakini tairi ni zima.

Upuuzi mtupu. Lakini jicho likishazoea kutafuta kitu, linakiona hata pale usipolituma. Nikajikuta nacheka peke yangu kwenye mzunguko wa barabara, watu wananipisha.

Jumapili moja simu ikanikuta sebuleni kwa mama mkwe. Nikapunguza sauti.

"Niko kwa wakwe. Nimekaa. Furaha ni tatu."

Mama mkwe masikio yake hayajawahi kustaafu. "Tatu? Kwani hapa umelishwa mchanga?"

"Ni mashine tu, mama."

"Hebu nipe hiyo mashine."

Akanipokonya simu. "Haloo. Mimi niandikie sita. Ningefika nane, ni huu mgongo. Na bahati yangu ni kwamba sijaolewa tena." Akanirudishia. "Umeona? Hivyo ndivyo mtu anavyojibu."

Upande wa pili nikasikia kitu kama kikohozi. "Asante. Kwaheri."

Nikashangaa kidogo. Nikajiambia, siku hizi mashine zinatengenezwa vizuri mpaka mafua zinapata.

Kisha ikaja siku ya kwenda kuona ofisi yangu mpya. Shemeji alivaa tai utadhani ndiye anayeajiriwa. Nikakalishwa kwenye kile kiti. Nikakizungusha. Kinazunguka kweli.

Simu ikaita.

"Unafanya nini sasa hivi?"

"Nimekaa kwenye kiti changu kipya."

"Furaha yako ni ngapi?"

Mdomo wangu ulishaanza kusema nane. Kilichotoka ni, "Mbili."

Nikashtuka mimi mwenyewe. Nikatazama huku na huku kama aliyesema ni mtu mwingine. Shemeji alikuwa ananitabasamulia pale mlangoni.

Siku zilizofuata nikaanza kuimwagia mashine yaliyomo moyoni. Niliieleza kwamba ile kazi siitaki. Kwamba mume wangu hajui. Kwamba naogopa kumwambia kwa sababu mdogo wake alisota kuitafuta, na mama mkwe ameshamhadithia mpaka muuza mkaa. Niliieleza na habari za meneja kukoroma kwenye kikao. Niliieleza mpaka rangi ya pajama za Baba Pacha.

Mashine ilisikiliza yote. "Asante. Kwaheri."

Nikasema, huyu ndiye rafiki. Hanishauri wala hanisengenyi.

Sasa tufike kwenye magodoro.

Lilikuwa somo langu la mwisho na Mkunga kabla sijahama. Nilimwambia asimamishe gari mbele ya duka, taratibu, kando. Akaanza vizuri. Mara gari likakwama kidogo kwenye mfereji, na yeye akaikumbuka wodi.

"Sukuma, mama. Sukuma, tunamaliza."

Akakanyaga mafuta.

Mimi nilikuwa nacheka. Ndiyo ukweli. Nilipoitafuta breki yangu, kiatu kilishajibana chini yake, mguu uko nje ya kiatu, na gari linapanda kibaraza polepole, kwa adabu zote, kama mteja.

"Usisukume sasa," Mkunga akaliambia gari. "Pumua."

Likapumua likiwa ndani ya magodoro.

Hakuna aliyeumia. Hata gari halikuchubuka. Mwenye duka alitoka nyuma ya kaunta, macho mekundu ya usingizi, akatutazama, akatazama gari, akauliza, "Mnataka la saizi gani?"

Mkunga akamwangalia kwa makini. "Wewe nilikuzalisha mimi. Ulitanguliza miguu."

Mwenye duka akainama, akamwamkia shikamoo. Angemlaumu vipi?

Hapo ndipo simu ilipoita.

"Unafanya nini sasa hivi?"

"Niko kwenye duka la magodoro. Ndani ya gari."

"Furaha yako sasa hivi ni ngapi, kati ya moja na kumi?"

"Tisa."

"Umepata bahati gani tangu tulipozungumza?"

Nikageuka. "Duka la jirani ni la vioo."

Mashine ikacheka.

Si kikohozi. Ilicheka mpaka ikakosa pumzi. Nikasikia kiti kikiburuzwa, kitu kikaanguka, na mtu anasema, "Samahani, mama. Samahani sana. Nisamehe."

Nikaitoa simu sikioni, nikaitazama, nikairudisha. "Wewe ni nani?"

"Ni mimi. Ninayekupigia simu zote hizi. Mwanafunzi wa chuo."

"Si mashine?"

"Mashine ilikuwa kwenye mpango, mama, haikununuliwa. Wakaniambia nisome maswali kwa sauti ya mashine ili majibu yasiathirike."

Nikawaza pajama za Baba Pacha. Nikawaza meneja. Nikatamani godoro lile linifunike kabisa.

"Na kuna jambo jingine," yule binti akasema, sasa kwa sauti yake, sauti ya mtoto wa watu kabisa. "Leo hata si zamu yako. Nimeamka vibaya, kila kitu kinakwenda kombo. Nikasema, ngoja nimpigie Mama wa udereva, labda nitapata nafuu."

Sikujua nikasirike au nifanye nini.

"Wewe furaha yako ni ngapi sasa hivi?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Nane."

"Asante," nikamwambia. "Kwaheri."

Jioni nilimweleza mume wangu yote. Gari, magodoro, na kwamba kazi ya kiti siitaki. Nilitegemea ngurumo.

Baba Pacha akavuta kiti karibu. "Mimi nilinyamaza kwa sababu nilidhani unaitaka," akasema. "Watoto wanakaa dirishani wakikusubiri uje utuambie leo nani kagonga nini. Sasa mapokezi ungetuambia nini? Kwamba mtu amekuja, amekaa, ameondoka?"

Shemeji alininunia, kisha ile kazi akapewa mchumba wake, kinyongo kikaisha. Mama mkwe aliwaambia majirani kwamba aliyeikataa ile kazi ni yeye.

Mkunga leseni alipata. Wapo wanaosema aliendesha vizuri, na wapo wanaosema mtahini alichoka.

Mwisho wa utafiti tukaitwa chuoni. Yule dada mtafiti akatuonyesha michoro yake ya rangi rangi, nukta moja kwa kila jibu la kila mtu. Nikatafuta zangu. Sikuziona.

Akanivuta pembeni, kaona haya. "Majibu yako tumelazimika kuyaondoa. Msaidizi alivunja masharti. Alicheka, akapiga simu nje ya zamu. Na kuna jibu moja limetolewa na mama mkwe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kisayansi," akasema, "hatuwezi kuthibitisha kwamba ulikuwa na furaha."

Basi ndugu zangu, ndivyo nilivyo mpaka leo. Naamka asubuhi, nafunga mkanda, nakanyaga breki ya akiba, nacheka njia nzima, na hakuna ushahidi.

Funzo langu ni dogo tu. Usijiulize jioni, ukiwa umekaa na watu wanaokupongeza, kama unaipenda kazi yako. Utawajibu wao. Jiulize mchana, mikono ikiwa michafu na mambo yameharibika. Namba ya kwanza itakayokutoka mdomoni kabla hujajipanga, hiyo ndiyo yako.

Na ukipigiwa na mashine, kabla hujaanza kuimwagia siri, itekenye kwanza uone.