Ngitili Iliyosubiri Wageni

Nina shahada ya kilimo, kwa hiyo nina haki ya kukidharau chuo kilichonipa. Wanaokidharau bila kusoma pale wanakionea. Mimi nimekaa kwenye madarasa yake, nimeandika maneno "ustahimilivu wa jamii za wafugaji" mpaka mkono ukafa ganzi, na sijawahi kumsikia mtu yeyote wa kwetu akisema yeye ni stahimilivu. Kwetu ni nje kidogo ya Bugarama, kando ya barabara ambayo malori ya mgodi hupita na vumbi lake kutua juu ya viazi ambavyo mama amevikata na kuvianika mwambani. Tunavila hivyohivyo, na hakuna aliyekuja kutafiti vumbi.

Walikuja kutafiti nyasi. Baba alikuwa na ngitili, yaani kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, nyasi zinakua, zinakauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikishakuwa kikali ndipo inafunguliwa. Anayefungua ni mwenyewe. Asiposema neno, hata jirani mliyegombana naye hapitishi mbuzi humo. Babu yangu alifanya hivyo, na baba yake alifanya hivyo. Chuo kiligundua jambo hili mwaka mmoja baada ya mimi kuhitimu, kikaliandikia mradi.

Kiongozi wao alikuwa profesa aliyewahi kunifundisha. Alishuka kwenye gari jeupe saa nane mchana akamwambia baba, "Mwangaluka." Kwa Kisukuma hiyo ni salamu ya asubuhi. Baba aliitikia bila hata kutabasamu, maana mgeni ni mgeni. Wakatandika fremu zao za chuma juu ya nyasi, wakakata, wakajaza mifuko ya karatasi, wakasema hawajaona nyasi kama zile tangu watoke Kahama. Hapo walisema kweli. Ndipo profesa akaleta ombi lake. Wafadhili wangekuja kutoka nchi za nje, na wangependa kuiona ngitili ikiwa haijaguswa. Je, mzee angeweza kusubiri kidogo?

"Nyie ndio mliomsomesha huyu mwanangu," baba alisema. "Basi mtaifungua nyie wenyewe."

Profesa alishukuru sana, akadhani amejibiwa kwa adabu tu. Hakuelewa kwamba baba alikuwa amempa neno la kufungua, heshima ambayo hajawahi kumpa hata mkwewe. Na kwa mtu wa rika la baba, neno ulilompa mgeni hulirudishi mwenyewe kwa sababu mgeni amechelewa. Unamsubiri aje alitumie. Mimi nilielewa yote mawili, neno la baba na shukrani za profesa, na nikaona fahari. Nilidhani chuo changu kimepata pa kujifunzia adabu.

Tulikuwa na maksai wawili wa plau, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Mbuga yetu ni udongo mweusi mzito, na hao wawili ndio walioilima tangu nikiwa sekondari. Kila kiangazi walimaliza mabua ya mahindi, wakaingia ngitili, wakatoka na nguvu za kuingia kwenye nira mvua ya kwanza inaponyesha. Mwaka huo mabua yaliisha na wageni hawakuonekana.

Nikampigia profesa. Mara ya kwanza wafadhili walikuwa kwenye mkutano kuhusu njaa, katika hoteli ya ufukweni. Mara nyingine ilikuwa ratiba ya kiongozi fulani ambaye lazima awepo. Halafu akaacha kupokea, akanitumia ujumbe kwamba mchakato unaendelea. Nalichukia neno hilo. Sijui jembe wala bunduki iliyofanya kazi nyingi katika nchi hii kama mchakato.

"Mzee, hao ng'ombe wanakula vumbi," mama alisema.

"Nimeshasema neno."

"Uliowaambia hawapo."

"Ndiyo maana nawasubiri."

Nikajaribu na mimi. Nikamwambia baba kwamba nimesoma pale, nawajua watu wale, afungue tu, hakuna atakayejali. Akaniuliza, "Wewe ndiye chuo?" Nilikaa nyuma ya zizi nikalia kwa hasira, huku upande wa pili wa uzio nyasi zimefika kiunoni.

Yule mwekundu alilala asubuhi moja karibu na birika la maji, hakuamka. Baba alimchuna mwenyewe, akaiwamba ngozi kando ya zizi. Hakumlaumu mtu. Mweusi akabaki peke yake, mbavu zikihesabika, na plau haivutwi na maksai mmoja.

Siku chache baadaye wakaja. Magari yalipanga foleni mpaka barabarani. Wakasimika hema, wakafunga utepe kwenye lango la ngitili, wakatandaza meza za pilau na maji ya chupa. Profesa alihutubia kwamba chuo kimefanya utafiti, kimetoa elimu, na sasa kinachangia maendeleo ya dunia. Dunia yenyewe ilikuwa imekaa kwenye viti vya plastiki, ikijipepea kwa karatasi za ratiba.

Mama mmoja wa kizungu, mtu mzima, aliiona ile ngozi. Akauliza, na profesa akamtafsiria baba, "Mgeni anauliza, yule ng'ombe alikufa kwa nini?"

"Njaa," baba alisema.

"Na nyasi zote hizi, mzee?" profesa aliuliza.

"Hizo ni zenu. Hamjafungua."

Profesa akamgeukia mgeni na kumwambia kwa Kiingereza safi kwamba mzee anasema ng'ombe yule alikuwa amezeeka sana, na kwamba anaushukuru mradi. Mama wa watu akatikisa kichwa kwa huruma. Baba akaniinamia akaniuliza kwa Kisukuma mgeni ameambiwa nini. Nikamwambia neno kwa neno.

Akainuka bila haraka. Akaenda zizini, akamtoa yule mweusi, akampitisha katikati ya viti. Profesa akaona ni sehemu ya sherehe, akamwashiria mpiga picha asogee. Maksai akaukata utepe kwa kifua na kuinamisha kichwa kwenye nyasi hapohapo langoni. Mtu mmoja akapiga makofi, na wote wakafuata.

Makofi yalipotulia, baba alimwambia profesa kwa sauti ileile ya upole aliyompokelea, "Sasa imefunguliwa. Nendeni kwenu."

Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia baba akimfukuza mgeni, tena kabla hajala. Profesa aliwageukia watu wake, akatabasamu, akatafsiri kwamba mzee anawakaribisha chakula. Wakainuka, wakaenda kula. Mwaka huo tulilima mbuga kwa jembe la mkono, na hatukufika hata nusu.